Darubini mbele ya boliti: shajara ya bunduki yangu ya skauti, Mbeya hadi Chunya

Jumamosi, 10 Juni. Mbeya

Leo nimeilaza bunduki mezani kwa mara ya kwanza tangu leseni itoke. Ni Ruger Gunsite Scout ya risasi ya .308, mtutu wa inchi 16.5, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mwenyewe wa kwanza hakuwahi kuiwekea darubini. Alilenga kwa tundu la nyuma na ncha ya mbele, na mnyama akapatikana. Mimi nimefika miaka 46 na ile ncha ya mbele siku hizi naiona kama imevaa ukungu wa Uporoto, kwa hiyo darubini ni lazima. Ninachotaka kukijua katika kazi hii ni kitu kimoja tu: ikae wapi? Nyuma, juu ya boliti (kile chuma kinachovutwa kwa mkono kufungua na kufunga chemba ya risasi), kama bunduki nyingi zilivyo, au mbele kabisa, juu ya mtutu, kama bunduki hii ilivyokusudiwa?

Nilimpigia mjomba aliyeko Chunya kumweleza. Aliposikia "skauti" akaniuliza, "Skauti wa kijiji gani, mjomba?" Alidhani nimejiunga na wale askari wa wanyamapori wa vijiji. Nikamwambia hapana, hili ni wazo la Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyewahi kuwa ofisa wa kikosi cha wanamaji, Marine Corps. Miaka ya 1980 alikaa na wenzake kutafuta bunduki moja ya mtu anayetembea peke yake porini: urefu usiozidi mita 1, uzito wa kilo 3 hivi, risasi ya .308, na darubini ya nguvu ndogo iliyosogezwa mbele. Steyr wa Austria walitoa ya kwanza ya kiwandani mwaka 1998. Hii ya Ruger ilikuja mwaka 2011.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyosikia wiki hii: "Na jua likiwa mgongoni, hicho kioo cha mbele kitaona nini?" Sikuwa na jibu. Nimeliandika hapa ili nisilisahau.

Jumatano, 14 Juni

Jamaa yangu wa Dar es Salaam anayeuza vifaa vya uwindaji amenitumia darubini tatu kwa basi nichague moja na kurudisha mbili. Ya kwanza ni ya kukaa mbele, nguvu 2.5 isiyobadilika (inakuza picha mara 2.5), lenzi ya milimita 28. Ya pili nayo ni ya mbele, ila nguvu yake inapanda kutoka 2 hadi 7, lenzi ya milimita 32. Ya tatu ni ya kawaida ya kukaa nyuma, nguvu 1 hadi 4, lenzi ya milimita 24.

Tofauti kubwa ni umbali wa jicho. Darubini ya kawaida inataka jicho liwe sentimita 8 hadi 10 nyuma yake. Za mbele zinataka sentimita 24 hivi. Huwezi kuzilinganisha kwa kuzishika mkononi, mkono unatetemeka na umbali unacheza. Nilizibana moja moja kwenye jiliwa la karakana nikaweka alama ya chaki mahali pa kuegemeza kidevu. Mlango wa karakana unatazama mlima Loleza, na kule juu kuna minara ya mawasiliano. Minara ndiyo iliyokuwa mnyama wangu.

Kuanzia saa 11 jioni hadi giza nilikaa pale. Jua linazama kwenye saa 12 na dakika 35 siku hizi.

Ile ya 2 hadi 7 ilinivutia kwanza. Ukiiweka kwenye 7 unahesabu vyuma vya mnara. Lakini eneo unaloliona linakuwa dogo mno, kama mita 1.7 tu kwa umbali wa mita 100. Hata ukiishusha hadi 2 unapata kama mita 6. Darubini ya kawaida ya nguvu hiyo hiyo ingekupa zaidi ya mara mbili ya hapo. Sababu ni jicho kuwa mbali: ni sawa na kuchungulia nje ukiwa umesimama katikati ya chumba badala ya kusogea dirishani. Halafu kuna jambo la duara la mwanga linalotoka nyuma ya kioo. Upana wake ni kipenyo cha lenzi ukigawa kwa nguvu. Milimita 32 kwa 7 ni 4.6, na jicho likiteleza kidogo tu unaona kivuli cheusi pembeni. Milimita 28 kwa 2.5 ni 11.2. Hapo kichwa kina nafasi ya kukosea na picha ikabaki.

Ile ya 1 hadi 4 ndiyo iliyoona vizuri kuliko zote giza lilipoingia. Hilo naliandika bila kuficha, kwa sababu ninaloelekea kulichagua ni jingine.

Ninakokwenda kuwinda ni miombo. Miti imesongamana, na mnyama unamwona mita 40, 60, mara chache 100. Anasimama muda wa kuvuta pumzi mbili. Darubini ikiwa mbele, macho yote mawili yako wazi: moja linaona msalaba wa kulengea ulio ndani ya kioo, jingine linaona pori zima, na ubongo unaviweka pamoja. Nilijaribu na ile ya 2.5 na kweli mnara ulibaki na mlima wake. Zaidi ya hayo, kwenye bunduki hii ukitaka darubini ya nyuma ni lazima ung'oe tundu la kulengea, maana limekaa pale pale pa kufungia pete zinazoshika darubini. Ukiiweka mbele tundu linabaki, na darubini ikivunjika porini unaitoa tu na kuendelea. Na mkono unaishika bunduki katikati kabisa, pale uzito wake unapolingana, bila kukutana na kioo.

Nimechagua 2.5. Swali la mjomba bado liko pale.

Jumapili, 18 Juni

Siku ya kufunga. Nimetumia saa nne na sioni haya kusema hivyo. Risasi ni ghali, idadi yake imeandikwa kwenye leseni, na kazi hii nimeitengea 20 tu. Kila dakika ninayoiweka mezani ni risasi ninayoiokoa uwanjani.

Kwanza nilitoa magazini, nikachungulia chemba, nikaingiza kidole chemba kuhakikisha, kisha nikatoa boliti kabisa na kuiweka chumba kingine. Bunduki isiyo na boliti ni bomba.

Pete nilizonazo zina wenzo wa kufungulia kwa mkono. Mipasuo ya reli, kile kipande cha chuma juu ya mtutu kinachobeba pete, na miguu ya pete niliisafisha kwa asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwa sababu mafuta ya kiwandani yakibaki chuma hakishikani na chuma. Nikaweka mguu wa pete kwenye mpasuo, nikausukuma mbele kuelekea mdomo wa mtutu hadi ukagota, ndipo nikakaza. Bunduki ikilia inarudi nyuma na darubini inataka kubaki ilipo, kwa hiyo mguu unaegemea ukuta wa mbele wa mpasuo. Usiposukuma mapema, risasi za kwanza zitakusukumia, na shabaha itahama wakati unadhani tatizo ni wewe.

Umbali wa jicho niliutafuta kwa kufumba macho. Unafumba, unapachika kitako begani kama kawaida yako, unalaza shavu, unafumbua. Picha ikiwa kamili hapo hapo bila kusogeza shingo, ndiyo penyewe. Yangu ilikuwa na kivuli, nikaisogeza darubini nyuma kama upana wa kidole. Kisha nikakumbuka nimevaa koti zito. Juni hapa Mbeya huwezi kukaa kibarazani bila koti, lakini Chunya mchana nitakuwa na shati. Nikavua nikarudia. Tofauti ilikuwa ndogo, bado picha ilijaa, lakini kitako chenyewe kilikuwa kirefu kwangu hata bila koti. Kitako cha bunduki hii kina vipande vya kuongeza urefu, kila kimoja nusu inchi. Nimetoa kimoja.

Kunyoosha msalaba nilifanya kama mwashi. Nilining'iniza timazi kwenye mwembe wa jirani, mita 25 hivi kutoka dirishani, uzi mweupe. Bunduki nikaisawazisha kwa pima maji ndogo juu ya reli, kisha nikazungusha darubini ndani ya pete hadi mstari wa wima ukalala juu ya uzi. Msalaba uliopinda hauonekani kwa mita 50. Kwa mita 200, ukirekebisha juu, risasi inakwenda pia pembeni na hujui kwa nini.

Sasa kukaza. Skrubu za kofia za pete zinataka kama Nm 1.9 (Nm, nyutoni mita, ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana za kipimo za gereji niliyoizoea zinaanzia mbali sana, ni za nati za magurudumu. Nilikwenda Mwanjelwa nikanunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ya ndoano. Ufunguo wa skrubu nikauvika kijibomba na kuweka alama sentimita 20 kutoka katikati ya skrubu. Ukivuta kwa mizani pale kwenye alama, kwa pembe mraba, hadi isome kilo 1, umepata karibu Nm 2. Niliishia kidogo chini ya kilo. Nilikaza kwa mtindo wa kupishana, huku kidogo na kule kidogo, ili mwanya wa pande zote mbili za pete ubaki sawa. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, ule msalaba ulioutafutia timazi unajizungusha mbele ya macho yako.

Mwisho nikachora kwa rangi nyeupe ya kucha mstari mwembamba unaovuka pete na mwili wa darubini. Chochote kikisogea, mstari utakatika.

Jumamosi, 24 Juni. Uwanja wa shabaha

Nilianza kwa kuchungulia ndani ya mtutu. Bila boliti, bunduki ikiwa imelala kwenye mifuko ya mchanga, unaliweka duara jeusi la karatasi katikati ya tundu la mtutu kwa mita 25, kisha bila kuigusa bunduki unazungusha vifundo vya darubini hadi msalaba nao uangukie hapo. Haigharimu hata risasi moja.

Risasi ya kwanza kwa mita 25 ilipiga sentimita 4 kulia, urefu karibu sawa. Kliki moja ya kifundo cha darubini hii ni robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu ya 60 ya digrii), yaani milimita 7 kwa mita 100. Kwa mita 25 ni chini ya milimita 2 tu. Kwa hiyo sentimita 4 ni kliki 22, wala si 5 au 6 kama ungehesabu kwa haraka. Nilizungusha 22 kushoto. Risasi ya pili iliangukia mahali pake, sentimita 1 chini ya kitovu. Nilifurahi.

Nikahamia mita 100, risasi tatu. Moja juu kushoto, moja katikati, moja chini kulia, zimeachana sentimita 17. Nikajilaumu mwenyewe, nikapumzika, nikanywa maji, nikapiga tatu nyingine taratibu. Sentimita 21. Zilikuwa zinaachana zaidi.

Nimesimama hapo. Nimetumia 8, zimebaki 12. Mstari wa rangi kwenye pete haujakatika.

Jumapili, 25 Juni

Nimeipata. Pete hazikusogea, reli yenyewe ndiyo iliyokuwa inacheza. Imefungwa juu ya mtutu kwa skrubu nne, na mbili kati yake nilizizungusha kwa ncha za vidole. Ilikuja nayo kwa mwenye bunduki wa kwanza, na mimi nilidhani kilichofungwa kiwandani kimefungwa milele. Niliosha mipasuo ya reli kwa asetoni wiki iliyopita bila kugusa skrubu zake hata moja. Nilijenga nyumba nzuri juu ya msingi nisioukagua, na nimelipa risasi sita.

Nimezitoa zote nne, nimesafisha nyuzi zake na matundu yake, nimeweka tone moja la gundi ya bluu ya nyuzi kwa kila skrubu. Ya bluu, kwa sababu nyekundu haifunguki bila moto, na moto sitaki kuusogeza kwenye mtutu. Nimekaza kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa mizani yangu ile ile, na kuziacha usiku na mchana mzima. Rangi nyeupe safari hii imepita juu ya vichwa vya skrubu pia.

Jumamosi, 1 Julai. Uwanja wa shabaha

Asubuhi ya ukungu, nimesubiri hadi saa 4 ndipo karatasi ikaonekana.

Risasi moja mita 25, nikarekebisha. Tatu mita 100: sentimita 4 kati ya matundu yaliyo mbali zaidi. Nilishuka kuitazama karatasi kwa karibu na nilishika kiuno pale kwa muda. Kundi lilikuwa sentimita 2 chini na 3 kushoto. Mimi nataka sentimita 3 juu kwa mita 100. Kwa risasi hii ya greni 150 (kama gramu 9.7) na mtutu huu mfupi, hesabu inanipa karibu kwenye kitovu kwa mita 150 na kama sentimita 10 chini kwa 200. Maana yake hadi mita 150 nalenga mahali ninapotaka kupiga, sina hesabu ya kufanya mbele ya mnyama. Kliki 7 juu, 4 kulia, risasi tatu. Zimekaa.

Kisha nikaitoa darubini yote kwa wenzo, nikaiweka ndani ya kofia yangu, nikairudisha kwenye mipasuo ile ile, nikasukuma mbele, nikafunga. Mbili za mwisho zimeingia ndani ya sentimita 2 ya kundi.

Zimebaki 3. Mita 150 sikuipiga kwenye karatasi, kwa hiyo porini sitapiga zaidi ya mita 120.

Jumamosi, 8 Julai

Swali la mjomba. Bunduki tupu, boliti imetolewa, nimesimama uani saa 12 jioni nikilenga ukuta wa tofali wa mashariki, jua likiwa mgongoni kwangu.

Kioo kimekuwa cheupe. Hakikufifia tu, kimekuwa cheupe kama maziwa yaliyomwagiwa maji. Kati ya jicho na lenzi ya nyuma kuna sentimita 24 za hewa tupu, na mwanga unaingia humo kutoka nyuma, unagonga lenzi na kurudi usoni. Darubini ya kawaida inafunikwa na uso wako mwenyewe. Hii haifunikwi na kitu. Nikigeuka robo mzunguko, jua likiwa begani, picha inarudi safi.

Mzee yule hajawahi kushika darubini ya namna hii. Aliliona kwa kichwa.

Alhamisi, 13 Julai

Nimekata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, sentimita 5, nimeuvika nyuma ya darubini kama shungi. Pamoja na kofia ya ukingo mpana umepunguza weupe. Haujaumaliza.

Ijumaa, 21 Julai. Chunya

Tumeshuka kwa barabara ya Mbeya hadi Chunya asubuhi. Kule juu baridi ilikuwa kali, huku nimebaki na shati. Leseni ni ya kongoni mmoja, eneo ni lile lililoandikwa, na askari wa wanyamapori tunaye. Mjomba amekuja kwa miguu yake pamoja na miaka yake 71.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Lete nikione hicho kioo."

Alikitazama kwa macho yote mawili wazi bila kuelekezwa, akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia.

Saa 12 na robo jioni tulikuta kongoni watatu kwenye mbuga nyembamba, mita 90 hivi, jua nyuma yetu kabisa. Nilipachika bunduki kwenye fimbo tatu za kuegemezea. Mwili nilikuwa nauona. Lakini weupe ule ulikuwa umerudi, na sikuweza kujua kama nyuma ya dume kuna mwingine kwenye nyasi. Nilirudisha kifungo cha usalama nikateremsha bunduki. Wakaondoka kwa mwendo wao ule wa kuyumbisha mabega.

"Jua lilikuwa linakuchungulia, mjomba," aliniambia tukiwa tunarudi. "Kesho tuzunguke, tulipate kwa ubavu."

Jumamosi, 22 Julai

Tulitoka kabla ya mapambazuko na kuzunguka hadi tukawa tunaelekea kaskazini, ili jua likichomoza liwe upande wa kulia. Hatua hiyo ya ziada ilikuwa mwendo wa karibu saa nzima. Saa 1 na nusu, ndani ya miombo, dume mmoja alisimama kati ya miti miwili, mita 70. Sikuitafuta picha. Nilikuwa namtazama kwa macho mawili, bunduki ikapanda, na msalaba ukawa juu ya bega lake wakati bado naiona miti yote kushoto na tawi lililokuwa likining'inia karibu yangu, ambalo ningeligonga. Nilihama nusu hatua. Risasi moja. Alikimbia kama mita 40 akaanguka.

Mjomba alimfikia wa kwanza, akasimama kimya kidogo, akamshika pembe.

Nyama imegawanywa, karatasi za leseni zimejazwa na askari amesaini. Jioni hii nimeilaza bunduki mezani kwa mjomba, boliti imetoka, nimeiangalia kwa taa. Rangi kwenye pete mbili haijakatika. Skrubu tatu za reli ziko pale pale. Ya nne, ya mbele kulia, mstari umeachana kwa upana wa unywele. Nikirudi Mbeya nitaitoa, nitaisafisha, na kuiwekea gundi upya. Risasi zimebaki 2, na moja kati ya hizo itakwenda kwenye karatasi ya mita 100 kabla sijaichukua tena bunduki hii porini.

Darubini inabaki mbele. Jua likiwa juu nitawinda nayo popote, na likiwa chini, asubuhi au jioni, nitawinda pale tu ninapoweza kuliweka ubavuni.